Swichi ya joto ikikatakata, shika saa kabla ya bisibisi

Mashine ya kusaga ya Buhongwa, hapa Mwanza, ilikuwa inawaka kila asubuhi bila shida. Debe la kwanza linasagika, la pili likifika katikati mota inazima yenyewe. Unasubiri robo saa, unabonyeza kitufe, inasaga kidogo, inazima tena. Kabla yangu walishapita mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha ovalodi, yaani swichi ya joto inayolinda mota, tatizo likabaki palepale. Wa pili aliifanya isikate tena, na wiki hiyohiyo mota ikaungua. Nilipofika mota ilikuwa imetoka kusukwa upya, na mzee mwenye mashine, huku akina mama wamepanga madebe mlangoni, akaniuliza: "Fundi, hivi hii swichi ina ubovu gani?"

Haikuwa na ubovu wowote. Swichi za joto nilizozikuta zimeharibika kweli ni chache sana ukilinganisha na zile zilizong'olewa na kutupwa zikiwa nzima. Kinachotupotezea muda sisi mafundi ni kuanza na bisibisi. Anza na saa. Washa, hesabu muda mpaka inapokata, kisha hesabu muda mpaka inapokubali kurudi. Hesabu hiyo peke yake inapunguza sababu kumi zikabaki mbili au tatu, na ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa muda wa kukata.

Vipimo vingine nitakavyovitaja vinafanyika umeme ukiwepo. Hivyo ni vya fundi mwenye tester nzima, viatu vikavu na mikono mikavu. Vilivyobaki, zima breka kuu kwanza, thibitisha kwa tester kwamba hakuna umeme, na kama kuna kapasita itoe chaji kabla ya kugusa.

Ujue swichi yako inahisi nini

Ndani ya karibu kila swichi ya joto kuna kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Moja hutanuka sana ikipata joto, mara nyingi ni shaba nyeupe au chuma; nyingine, aloi ya chuma na nikeli, hutanuka kidogo mno. Zikipata moto, ile inayotanuka inaisukuma mwenzake, kipande kinapinda, mguso unaachia, umeme unakatika. Wazo hili ni la zamani. Fundi saa Mwingereza, John Harrison, alilitumia katika karne ya 18 ili saa yake ya melini isipotee kwa sababu ya joto na baridi ya safari.

Lakini swichi hizi hazihisi kitu kimoja. Ile ya duara iliyobanwa kwenye kompresa ya friji, au iliyofungwa kwa uzi ndani ya koili za mota, inahisi joto lenyewe la mahali ilipo. Ovalodi iliyo chini ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha na kuzima mota, haiioni mota kabisa. Inapitisha mkondo wa mota kwenye vipande vyake na kukisia joto kutokana na mkondo huo. Breka ya kawaida nayo inakisia hivyohivyo, ila ina pia koili ya sumaku kwa ajili ya shoti. Kisha kuna fyuzi ya joto, kidude kidogo chenye miguu miwili ndani ya feni, pasi na raisi kuka: hiyo ikikata mara moja haifufuki.

Shika tofauti hii ya kuhisi na kukisia. Kuna mahali huko mbele itakutoa gizani.

Inakata papo hapo

Ukiinua breka na inaanguka kabla hujaondoa kidole, hilo si joto. Kipande cha metali hakiwezi kupata moto haraka kiasi hicho. Ni ile koili ya sumaku, na maana yake ni shoti, au mkondo wa kuanzia ni mkubwa kuliko breka inavyoweza kuvumilia. Breka ya aina B inaachia papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, aina C mara 5 hadi 10. Kwa hiyo ukikuta mota nzima inaangusha breka ya B kila inapowashwa, weka C ya ampea zilezile. Usiongeze ampea, kwa sababu waya wako ukutani haujaongezeka unene.

Inakata baada ya sekunde chache

Hapa mota haizunguki, au inazunguka kwa shida. Mota iliyokwama huvuta mkondo wa mara 6 au 7 ya ule wa kawaida, na ovalodi ya daraja la 10 imetengenezwa ikate ndani ya sekunde 10 mkondo ukifika mara 7.2 ya ulipoisetia. Sikiliza. Ikiunguruma bila kuzunguka na ni ya fezi tatu, kuna fezi imepotea: pima volti kati ya kila jozi kwenye mdomo wa chini wa kontakta, si juu tu, maana mguso mmoja wa kontakta ukiungua juu utaona fezi zote tatu ziko salama. Kama fezi zipo zote, zima, toa mkanda, zungusha shafti kwa mkono. Beringi iliyokufa utaisikia. Na kwenye mashine za kusaga, mara nyingi ni mtu aliyezima huku kinu kimejaa mahindi. Kitoe mzigo kwanza.

Friji ndiyo inayoniletea kazi nyingi zaidi kwenye kundi hili. Mama mmoja wa mwaloni Kirumba aliniita kwa sababu friji yake ya barafu za kuhifadhia samaki ilikuwa inasema "tik", inaunguruma sekunde kama tano, inasema "tik" tena na kunyamaza. Dakika mbili tatu baadaye inarudia. Akaniambia, "Fundi, kompresa imekufa, sivyo? Nimeambiwa ninunue friji nyingine." Nilimwomba asinunue kitu kabla hatujapima.

Ile "tik" ya pili ni swichi ya joto ya kompresa ikikata. Inakata kwa sababu kompresa imeshindwa kuanza, na zipo sababu nne ninazozifuata kwa mpangilio huu kwa kuwa ya kwanza haina gharama.

Umeme mdogo. Pima volti kwenye soketi wakati uleule kompresa inajaribu kuanza, si ikiwa imetulia. Umeme wetu ni wa volti 230. Nguvu ya mota kuanza inapungua kwa mraba wa volti: ukipata 180, hiyo ni asilimia 78 ya volti, lakini nguvu ya kuanza iliyobaki ni asilimia 61 tu. Kwa mama yule soketi ilisoma 221 ikiwa imetulia, na 168 kompresa ilipojaribu. Umeme wa nje haukuwa na hatia. Friji ilikuwa imeunganishwa na ekstensheni ndefu ya waya mwembamba iliyopita chini ya mlango, pamoja na friji ya jirani. Tulivuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye breka na friji ikaanza mara ya kwanza.

Ingekuwa si umeme, ningeangalia kile kidude cha kuanzishia kilichochomekwa kwenye pini za kompresa. Kichomoe, kitikise sikioni. Kikicheza kama njugu, kimepasuka ndani. Kikiwa kizima na baridi hupima ohmu chache, kama 20 hivi. Baada ya hapo pima pini tatu za kompresa: vipimo viwili vidogo ukivijumlisha lazima upate kile kikubwa, na hakuna pini inayotakiwa kuwasiliana na bodi ya chuma. Mwisho kabisa ndiyo uifikirie kompresa iliyokwama.

Kama friji inashindwa tu pale umeme unapokatika na kurudi harakaharaka, hakuna kilichoharibika. Gesi bado ina presha upande mmoja na kidude cha kuanzishia bado kina moto. Ichomoe, subiri dakika tano, chomeka.

Inakata baada ya dakika kumi hadi nusu saa

Huu ndio muda wa mashine ya Buhongwa, na ndio muda unaowadanganya watu zaidi, kwa sababu kila kitu ukikipima kikiwa baridi kinaonekana kizima.

Mota inaanza vizuri, inafanya kazi, mkondo umezidi kidogo tu, asilimia 20 au 30. Breka haina haraka ya kuachia: kwa kanuni ya utengenezaji wake, mkondo ukizidi namba kwa asilimia 13 hairuhusiwi kukata ndani ya saa nzima, na ukizidi kwa asilimia 45 inapewa mpaka saa nzima kukata. Ovalodi ina haraka kidogo kuliko hapo, lakini nayo inasubiri. Subira hiyo imewekwa makusudi, maana mota inaweza kuvumilia mzigo wa ziada kwa muda mfupi. Isichoweza ni kuvumilia siku nzima. Kuna kanuni ya mkono wanayoitumia wasuka mota: kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiwango cha vanishi ya koili hukata umri wake nusu.

Soma kibao cha mota. Mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 400 huandikwa kama ampea 15 hivi, na hapo ndipo ovalodi inaposetiwa, si juu yake. Kwenye starta ya sta-delta, ile inayoanzisha mota kwa muungano wa nyota kisha kuihamishia kwenye delta, angalia ovalodi imefungwa wapi. Ikiwa ndani ya mzunguko wa delta, inapitisha asilimia 58 tu ya mkondo wa laini, kwa hiyo isetiwe kwenye 8.7. Nimekuta nyingi zimesetiwa 15 hapo ndani. Hiyo ni sawa na kutokuwa na ovalodi.

Kisha weka klampmita, kile kipima mkondo kinachobana waya kwa nje, kwenye waya mmojammoja, mashine ikiwa na mzigo na imeshapata moto. Kwa mzee yule, dakika ya kwanza fezi zote zilikaribiana. Dakika ya kumi na tano fezi ya njano na ya bluu zilikuwa zimepanda juu ya kibao, nyekundu imeshuka. Nikapima volti: njano na bluu 402, lakini kila jozi yenye nyekundu ilisoma 378 na 380. Tofauti hiyo ni kama asilimia 4 ya wastani, na mtu anaweza kuidharau. Mota haiidharau. Kila asilimia moja ya volti zisizolingana huleta asilimia 6 hadi 10 za mkondo usiolingana, kwa hiyo hapo tulikuwa na kati ya asilimia 24 na 40.

Nikarudi nyuma kutoka kwenye kontakta, kituo kwa kituo, mpaka kwenye swichi kubwa ya ukutani. Skrubu ya fezi nyekundu ilikuwa imelegea na shaba imegeuka nyeusi. Ikiwa baridi inapitisha umeme vizuri. Ikipata moto wa debe moja na nusu, ukinzani unapanda na volti zinashuka. Mafundi wawili walipima asubuhi, kabla ya kusaga.

Skrubu iliyolegea ina ubaya wa pili. Ikiwa iko kwenye breka au ovalodi yenyewe, joto lake linatembea kupitia shaba hadi kwenye kile kipande cha metali mbili, nacho kinapinda ingawa mkondo ni wa kawaida. Ukikuta inakata na klampmita haioni ziada, zima na ukaze skrubu zote, halafu angalia plastiki iliyobadilika rangi.

Inakata mchana, usiku inatulia

Fikiria hewa kabla ya umeme. Breka nyingi hupimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 30. Ukiipanga ndani ya boksi la chuma lililogongewa kwenye ukuta wa mabati unaopigwa na jua la saa nane, itakata chini ya namba yake. Hamisha boksi kivulini, au acha nafasi kati ya breka zilizobebeshwa mzigo mkubwa. Mota za kawaida nazo hutengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134. Kuzidi huko ni kudogo na peke yake hakuchomi mota, ila hewa yetu ni nyepesi kidogo kuipoza, kwa hiyo mota iliyonunuliwa bila akiba yoyote inaanza safari ikiwa imeshachoka.

Halafu safisha. Unga unajaza mapezi ya mota mpaka yanakuwa laini kama ukuta uliopigwa plasta. Na sisi wa pwani ya ziwa tuna wale wadudu wanaoinuka majini kama moshi na kufuata taa: wakifa wanajaa kwenye kava la feni ya mota, kwenye kondensa za friji, hata katikati ya miguso ya kontakta. Nimewahi kutoa nusu kopo la wadudu kwenye mota moja karibu na maji. Baada ya usafi haikukata tena.

Ovalodi imetulia, swichi ya ndani inakata

Hapa ndipo ile tofauti ya kuhisi na kukisia inapokuokoa. Mkulima wa mbogamboga ana pampu ya kuzamisha ziwani. Inapampu dakika arobaini, inazima, inakaa karibu saa nzima ndipo inarudi. Ovalodi kwenye boksi haijaruka. Unapima mkondo unakuta uko chini ya kawaida, na fundi asiyejua anasema swichi ya ndani ni mbovu kwa sababu mota haina mzigo.

Mkondo mdogo ndio ushahidi wenyewe. Pampu inasukuma maji kidogo, kwa sababu magugumaji yameziba chujio. Mota ya kuzamisha inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Yakipungua, joto halina pa kwenda. Ovalodi inaangalia mkondo, haioni kitu. Swichi ya kwenye koili inahisi joto, inakata. Tope linafanya vivyo hivyo: pampu iliyolala chini ziwani na kufunikwa na matope inapika yenyewe ingawa maji yamejaa kila upande. Inyanyue kutoka kwenye tope, ifunge kwenye pipa au boya ining'inie, izungushie wavu mpana mbali na chujio ili magugu yashikwe huko. Kurudi kwake polepole kusikutishe. Swichi ikiwa ndani ya koili inasubiri chuma chote kipoe.

Imekata na hairudi kabisa

Kama ni ovalodi, ipe dakika kumi ipoe kabla ya kubonyeza. Kipande kikiwa bado kimepinda, kitufe hakishiki, na watu wanavunja vitufe kwa kulazimisha.

Feni iliyozima usiku wa joto na asubuhi haitoi hata mlio, au raisi kuka ambayo taa haiwaki: hapo pima fyuzi ya joto. Nzima inasoma karibu sifuri, iliyokata haisomi. Ubavuni imeandikwa nyuzi na ampea. Nyuzi lazima ziwe zilezile. Usiweke ya nyuzi nyingi zaidi eti idumu, na usiunge waya mahali pake. Feni ya mezani imezungukwa na pazia na chandarua. Ibane kwa kiunganishi cha kukaza. Ukilazimika kuichomelea kwa risasi, shika mguu wake kwa koleo kati ya risasi na mwili ili joto lisifike ndani, maana ukichelewa umeiua wewe mwenyewe. Kabla ya kufunga, zungusha feni kwa mkono: kama bushi ni kavu au kapasita imechoka, fyuzi mpya itakata wiki ijayo.

Swichi ya duara inayojirudisha unaweza kuijaribu mezani. Ikiwa baridi inasoma karibu sifuri, kama ni ya kukata. Azima draya ya nywele saluni, ipulizie huku tester imeunganishwa, utasikia "tik" na usomaji utapotea. Iache ipoe, itarudi. Kama namba iliyoandikwa ni kubwa kuliko draya inavyoweza kufikia, usiihukumu kwa kipimo hicho.

Haikati hata pale inapotakiwa

Huu ndio ugonjwa ninaouogopa, kwa sababu hauna dalili mpaka moshi utoke. Ovalodi haikati umeme wa mota yenyewe. Ina mguso mdogo, namba 95 na 96, unaopitisha umeme wa koili ya kontakta. Ukifungwa vibaya, au ukiungwa daireki, vipande vitapinda mpaka vichoke na kontakta haitaachia. Angalia pia kama ovalodi imewekwa kujirudisha yenyewe. Kwenye mashine yenye mkanda na starta ya swichi ya kugeuza, hiyo itawasha kinu wakati mtu ameingiza mkono kutoa kilichokwama. Iweke kwenye kurudishwa kwa mkono.

Kipimo chake ni cha sekunde mbili. Mashine ikiwa inazunguka bila mzigo, bonyeza kitufe cha kujaribia kwenye ovalodi. Kontakta lazima ianguke.

Pale Buhongwa, baada ya kubadilisha swichi ya ukutani na kusetia ovalodi, nilibonyeza na mota ikaendelea kuzunguka. Nikazima, nikatoa kava. Kati ya 95 na 96 kulikuwa na kipande cha waya mwekundu, kifupi kama kidole gumba, kimekazwa vizuri kabisa. Nikakitoa na kumpa mzee mkononi. Tukawasha tena, nikamwambia abonyeze yeye. Kontakta ikaachia, kinu kikapunguza mwendo mpaka kikasimama, naye akaniomba niwashe abonyeze mara ya pili.